Kibao cha Biashara Kwenye Jengo la Kale: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wafanyabiashara waliopanga au kununua vyumba vya duka ndani ya maeneo ya hifadhi ya kihistoria, wakajikuta wanavutana na kanuni za vibao. Kanuni hizo hutofautiana mji na mji. Vipimo tunavyovitoa hapa vichukulie kama kawaida ya kazi, kisha vilinganishe na kanuni za mji wako kabla hujampa fundi malipo ya awali.

*Nimepanga duka kwenye mtaa wa kihistoria, lakini jengo lenyewe ni la juzi tu, la matofali ya saruji. Kwa nini niombe kibali cha kibao kana kwamba nimekaa kwenye makumbusho?*
– Muuza vitabu

Kwa sababu kinacholindwa ni mtaa. Utaratibu huu ulianzia Charleston, Marekani, mwaka 1931, mji huo ulipotenga eneo lake la kale na kuunda baraza la kupitia michoro ya ujenzi. New Orleans ikafuata: katiba ya jimbo la Louisiana ikarekebishwa mwaka 1936, na mwaka uliofuata mji ukapitisha sheria ya Vieux Carré, mtaa wake wa kale. Swali lako hili hili likafika mahakamani huko. Mwenye kituo cha mafuta aliweka bango kubwa bila kibali, akajitetea kwamba kituo chake hakina ukale wowote wa kuhifadhi. Mwaka 1941 Mahakama Kuu ya Louisiana ilimkatalia. Sheria, kwa maoni ya mahakama, inalinda sura ya mtaa mzima, na jengo jipya lililomo ndani yake ni sehemu ya sura hiyo.

Nenda ofisi ya mipango miji ukaulize mambo mawili. Je, kiwanja kimo ndani ya mstari wa eneo la hifadhi? Kama kimo, jengo limeandikishwa kuwa lina mchango kwa historia ya mtaa, au halina? Kwa jengo lisilo na mchango, baraza kwa kawaida hulegeza kamba upande wa vifaa na namna ya kufunga, kwa kuwa hakuna ukuta wa kale wa kuumiza. Ukubwa, kimo na taa hubaki vilevile, maana hivyo humgusa jirani.

Kwa walioko Marekani, kuna jambo linalowachanganya wengi. Jengo kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, iliyowekwa na sheria ya 1966, hakumzuii mwenye mali kufanya atakalo kwa fedha zake mwenyewe. Kinachombana ni sheria ya mji. Huko England mambo ni mazito zaidi: jengo likiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kulifungia kibao kinachobadili sura yake bila idhini ni kosa la jinai.

*Maombi yangu yamerudishwa mara mbili kwa maelezo kwamba michoro haitoshi. Nilipeleka picha nzuri kabisa ya kibao kutoka kwa mchapishaji. Wanataka nini hasa?*
– Mshonaji

Ulipeleka picha ya kibao, wao wanahukumu ukuta. Picha ya mchapishaji huonyesha rangi na maandishi, yaani mambo ambayo baraza halina shida nayo sana. Haionyeshi kibao kinakaa wapi, kinafunika nini, wala kimeshikwa na nini.

Faili linalopita bila kurudishwa lina vitu hivi. Kuna picha ya uso mzima wa jengo kutoka ng'ambo ya barabara, na nyingine ya karibu ya mahali pa kibao. Kuna mchoro wa uso wa jengo kwa kipimo cha 1:50, kibao kikiwa kimechorwa mahali pake, ukionyesha umbali wake kutoka chini, kutoka kila pembe, na kutoka vizingiti vya madirisha ya juu. Kuna mchoro wa kibao chenyewe kwa 1:10, wenye kimo cha herufi na unene wa ubao. Kuna sampuli ya rangi yenyewe iliyopakwa, pamoja na namba ya kiwandani, kwa kuwa rangi ya kwenye skrini hubadilika kila kompyuta. Kama kuna taa, weka karatasi ya kiwanda yenye nguvu ya taa na rangi ya mwanga wake. Na weka barua ya mwenye nyumba. Mpangaji peke yake mara nyingi hana mamlaka ya kutoboa ukuta.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mchoro wa mkato. Chora kana kwamba ukuta na kibao vimekatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini: unene wa ukuta, nafasi kati ya ukuta na kibao, skrubu inaingia wapi na inafika kina gani, maji ya mvua yanadondokea wapi. Mchoro huo mmoja hujibu nusu ya maswali ya kikao. Fundi anayeshindwa kuuchora bado hajaamua atafungaje, na hapo ndipo kuta huharibiwa.

Kabla ya kupeleka faili, omba kuonana na afisa hifadhi ukiwa na michoro ya penseli tu. Vibao vidogo mara nyingi huidhinishwa na afisa huyo mwenyewe bila kwenda barazani. Akisema lazima liende, uliza siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kikao kijacho, kwa kuwa kuchelewa siku moja hukusogeza kikao kizima mbele. Kibali cha hifadhi nacho si kibali cha kibao. Hizo ni karatasi mbili, na kibao kikining'inia juu ya njia ya waenda kwa miguu huja ya tatu, ya kutumia anga ya umma, ambayo huenda ikadai uwe na bima. Umeme una yake. Anza na ya hifadhi, kwa sababu ndiyo inayobadilisha vipimo ambavyo karatasi nyingine zitavinukuu.

Tena usichonge kibao kabla ya kibali. Hasara nyingi katika kazi hii huanzia hapo: kibao kimeshalipiwa, baraza linataka kipungue sentimita kumi, na sentimita kumi hizo ndizo zinazokata jina la biashara.

*Nimeambiwa nipunguze herufi kutoka sentimita 45 hadi 20. Si itakuwa sawa na kutoweka kibao?*
– Mwenye duka la viatu

Hesabu ya waandishi wa vibao ni hii: kila milimita 25 za kimo cha herufi husomeka kwa raha kutoka kama mita 3. Umbali wa mwisho wa kuzitambua ni karibu mara nne ya hapo. Kwa hiyo herufi za sentimita 20 husomeka vizuri kutoka mita 24, na mwenye macho mazuri atazibaini kutoka mbali zaidi. Sasa pima barabara yako. Mitaa ya kale mingi ni myembamba, aliye upande wa pili yuko mita 8 au 12 tu. Herufi za sentimita 45 ni za kusomwa kutoka mita 54 kwa raha, yaani na dereva aendaye kasi, ambaye kwenye mtaa kama huo hayupo.

Kinachofanya kibao kisisomeke, mara nyingi, ni maneno kuzidi, herufi kubanana, na rangi mbili zenye uzito unaokaribiana, kama nyekundu juu ya kahawia. Jina la biashara na neno moja la kazi yake vinatosha. Namba za simu ziende mlangoni.

Halafu angalia eneo linavyopimwa, maana hapo ndipo watu hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Miji mingi huchora mstatili mmoja unaozunguka maandishi yote na kuhesabu eneo lake. Kiwango kinachotumika sana Marekani ni futi moja ya mraba kwa kila futi ya upana wa duka, ambayo ni kama mita za mraba 0.3 kwa kila mita. Duka la upana wa mita 6 linapata 1.8. Mstari wa herufi za sentimita 20 wenye urefu wa mita 3 unakula 0.6 tu. Ongeza nembo ya kimo cha sentimita 60 mwishoni mwa mstari huo, urefu ukawa mita 3.6, na mstatili unaruka hadi 2.16. Umevuka mpaka kwa sababu ya hewa tupu iliyo juu ya herufi. Itoe nembo pale, iweke peke yake kwenye kioo au kwenye kibao kidogo cha kuning'inia.

Mahali pake ni ule ukanda bapa kati ya juu ya dirisha la duka na chini ya madirisha ya ghorofa ya kwanza. Wajenzi wa zamani waliuacha kwa kazi hiyo hiyo. Usifunike nakshi za ukingo, wala vichwa vya nguzo za ukutani, wala usikimbize kibao kutoka pembe hadi pembe. England, kibao cha duka kisicho na taa kinachoruhusiwa bila maombi hakitakiwi kuwa na herufi zaidi ya sentimita 75 wala kupanda zaidi ya mita 4.6 kutoka chini. Huo ni ukomo wa sheria. Kwenye eneo la hifadhi afisa atatarajia vipimo vidogo kuliko hivyo.

*Fundi anataka kufunga kibao cha kuning'inia kwa boliti za kupanuka moja kwa moja kwenye matofali. Afisa hifadhi amekataa, anataka tutoboe kwenye maungio, yaani chokaa iliyo kati ya matofali. Fundi anasema maungio ni laini, kibao kitaanguka. Nani mkweli?*
– Mtengeneza miwani

Kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli. Tofali la kale lililochomwa lina ngozi ngumu nje na mwili laini ndani. Boliti ya kupanuka hushika kwa kusukuma pembeni, na ikisukuma ndani ya mwili huo tofali hupasuka, pengine si siku hiyo bali baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua. Tofali likishapasuka halishonwi. Kiungo cha chokaa, kwa upande wake, hufukuliwa na kujazwa upya, na mwaka unaofuata huoni palipotobolewa. Ndiyo sababu ya kanuni. Ila fundi naye kasema kweli kwamba boliti ya kupanuka haishiki kwenye chokaa. Kinachotakiwa kubadilika ni boliti.

Ukuta ukiwa unafikika kwa ndani, njia bora ni fimbo ya hesi inayopita ukuta mzima kupitia kwenye kiungo, ndani ikikazwa kwa bamba la chuma la kutawanya uzito. Haikwaruzi tofali, na siku ya kuhama inachomolewa. Ukuta usipofikika, tumia fimbo za hesi za milimita 8, za chuma cha pua, zilizozama sentimita 15 hadi 20 kwenye kiungo na kushikwa kwa gundi ya kudungwa. Toboa kwa keekee isiyogonga. Mapigo ya nyundo hulegeza matofali ya jirani. Vumbi lipulizwe na kupigwa brashi mpaka tundu litoke safi, kwani gundi iliyoshika vumbi haijashika ukuta. Kisha kila fimbo ijaribiwe kwa kuvutwa kabla kibao hakijapanda. Kama ukutani kuna mkono wa chuma wa zamani ulio mzima, au matundu ya zamani, anza na hayo.

Chuma cha kawaida kiache. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na ikifungiwa ndani ya kiungo huinua matofali taratibu mpaka uso unachanika. Chuma kilichopakwa zinki si salama sana, kwa sababu zinki hukwaruzika wakati wa kukaza. Chuma cha pua cha daraja la 304 kinatosha bara. Karibu na bahari chukua 316.

Tukirudi kwenye hofu ya kuanguka: vibao vya kuning'inia haviangushwi na uzito wao, huangushwa na upepo wa pembeni. Chukua kibao cha upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 80. Upepo wa mita 40 kwa sekunde husukuma kwa karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na ukizidisha kwa 1.2 kwa ajili ya umbo bapa, kibao hiki kinapata msukumo wa kama kilo 58. Hazitishi. Lakini kitovu cha kibao kiko sentimita 40 kutoka ukutani, na mkono wa chuma wa kawaida umeshikwa na bamba la upana wa sentimita 5, boliti tatu zikiwa zimepangwa wima katikati yake. Upepo unapousukuma mkono kando, bamba linapinda juu ya ukingo wake mmoja, na boliti zina sentimita 2.5 tu za kushindana na 40. Kilo 58 zinageuka kuwa zaidi ya kilo 900, takriban 310 kwa kila boliti, zikivuta kutoka ukutani. Hakuna kiungo cha chokaa kitakachovumilia hilo kila msimu, wala tofali.

Dawa yake ni mnyororo au fimbo nyembamba kila upande, kutoka kwenye mkono wa chuma pale usawa wa kitovu cha kibao hadi kwenye ukuta sentimita 40 pembeni. Upepo ukija, fimbo ya upande unakotoka hukaza, na mvuto wake kwenye ukuta ni kama kilo 58 zilezile. Kutoka 310 hadi 58, kwa fimbo mbili. Vibao vingi vya karne iliyopita vilikuwa nazo, na watu wa leo huziondoa wakidhani ni pambo.

Chini ya kibao acha mita 2.4 kutoka njia ya miguu. Kanuni za Marekani za watu wenye ulemavu zinakataza chochote kinachoning'inia chini ya milimita 2030 kwenye njia, na miji mingi huongeza juu ya hapo. Kibao kikiwa cha ubao, tumia plaiwudi ya baharini, paka kingo praima mikono mitatu kabla ya rangi, kwani maji huingilia kwenye kingo. Kila mwaka panda ukague kulabu: tundu la mviringo likiwa limeanza kuwa na umbo la yai, badilisha kulabu hiyo.

*Boksi langu la taa limekataliwa, lakini jirani ana neoni inayowaka usiku kucha. Huu si upendeleo?*
– Mwenye saluni

Huenda si upendeleo. Boksi la plastiki linalong'aa lote hukataliwa karibu kila mahali kwa kuwa lina unene wa sentimita 15 au 20, hufunika ukuta, na usiku linageuka kuwa kipande kimoja cha mwanga kinachofuta jengo lililo nyuma yake. Neoni ni mirija ya kioo. Ukuta unaonekana katikati yake. Tena mitaa iliyokua kati ya miaka ya 1930 na 1950 ina neoni za asili ambazo zenyewe ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Kaulize ya jirani ni ya mwaka gani kabla ya kuandika malalamiko.

Mwanga wa kutoka nje ndio unaopita kirahisi: taa ndogo zenye kofia, zinazoelekea chini kwenye kibao, za rangi ya joto ya kelvini 2700 hadi 3000. Herufi moja moja zinazotoa mwanga kwa nyuma kuelekea ukutani huruhusiwa baadhi ya miji. Zinazopepesa au kubadilisha maandishi, sahau. Mkono wa taa ukiwa mfupi mno, juu ya kibao patameremeta na chini patakuwa giza. Jaribu usiku, mtu akishika taa kwa mkono, kabla ya kutoboa chochote. Waya zote ziingie kwa tundu moja kwenye kiungo, lililotobolewa likiinama kuelekea nje ili maji yasifuate waya hadi ndani, kisha zitambae juu ya ukingo wa kibao ndani ya bomba lililopakwa rangi ya ukuta.

*Nafungua tawi la kampuni yenye matawi mengi. Mkataba unanilazimisha rangi na nembo yao. Baraza likikataa niko matatani na kampuni.*
– Mwekezaji

Soma mkataba tena: kampuni za aina hiyo mara nyingi huwa na kifungu kinachotaka ufuate sheria za mahali, na zina vibao mbadala kwa mitaa ya kale. Kwenye Getreidegasse, Salzburg, kampuni kubwa za kimataifa hutundika vibao vya chuma cha kufuliwa vyenye nembo ndogo, kama maduka ya jirani. Omba ofisi ya usanifu ya kampuni wakupe toleo hilo kwa maandishi.

Ujue pia mpaka wa baraza. Marekani, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2015 kuhusu vibao vya kanisa dogo na mji wa Gilbert, Arizona, mji unaobagua vibao kwa kile kinachosemwa hujiweka pabaya kisheria. Ukubwa, mahali, kifaa, taa na kufunga ndivyo vinavyosimamiwa. Kwa hiyo usiende kutetea jina la kampuni. Nenda na nembo ileile, ndogo, ya kupakwa kwenye ubao badala ya plastiki, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Rangi huleta ubishi pale tu inapojaza uso wa duka.

*Tulipobandua bati ukutani tumekuta tangazo la zamani la rangi, limefifia lakini linasomeka. Tupake rangi juu yake tuandike jina letu?*
– Wanaushirika

Msipake. Kwanza huenda tangazo hilo lenyewe linalindwa; mwongozo uliotolewa mwaka 1991 na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani unahimiza vibao vya kale viachwe, hata kama biashara imeshakufa. Pili, rangi hizo zilidumu kwa sababu nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo kuzikwangua kukavu ni kujivutia sumu mapafuni. Tatu, ukuta wa tofali ukipakwa rangi ya kisasa isiyopumua hufungia unyevu.

Msiupake vanishi ya kuung'arisha pia. Hugeuka njano na hufunga ukuta vilevile. Mpiga mchanga wa kusafishia asikaribie, anaondoa ile ngozi ngumu ya tofali pamoja na rangi. Jina lenu liwe kwenye ubao uliosimama milimita 25 mbele ya ukuta, mahali pengine. Ulizeni kwa maandishi kama tangazo la zamani linahesabiwa kwenye eneo lenu la kibao. Miji mingi hulisamehe, lakini jibu la mdomo halitawasaidia afisa akibadilishwa.

*Baraza limependekeza jani la dhahabu kwenye kioo. Hudumu kweli?*
– Wakili

Hudumu miongo, kama mwandishi ni hodari na mfagiaji amepewa maelekezo. Dhahabu hubandikwa upande wa ndani wa kioo, kwa hiyo mvua haiigusi. Kioo husuguliwa kwa chaki na spiriti mpaka maji yatande bila kukatika. Gundi yake ni jelatini: kapsuli moja tupu kwa nusu lita ya maji safi yaliyochemshwa. Kioo hulowanishwa kuanzia juu, na jani la mraba wa milimita 85 hurukia lenyewe kwenye maji likisogezwa kwa brashi pana, kila jani likipanda jirani yake milimita chache. Likikauka linang'aa, palipopasuka huwekwa jani la pili. Ndipo herufi hupakwa kinyumenyume kwa rangi ya mgongo juu ya dhahabu, inayozidi hufutwa kwa pamba mbichi, na mwisho vanishi hupita milimita mbili nje ya ukingo.

Hiyo vanishi ya ukingoni ndiyo roho ya kazi. Isipovuka ukingo, unyevu wa kioo hupenya chini ya herufi na dhahabu huanza kubanduka kutoka pembeni. Asiyejua akisafisha upande wa ndani kwa wembe au dawa yenye amonia, humaliza kazi kwa asubuhi moja. Kanuni nyingi hutaka maandishi ya kioo yasizidi robo ya kioo au pungufu.

*Kibao nilikiweka mwaka jana bila kujua kanuni. Sasa nimepata ilani. Nikitoe usiku yaishe?*
– Jina limehifadhiwa

Usikitoe kwa pupa. Kukibomoa vibaya kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Kipige picha, wapi kimefungwa na kwa kitu gani, mpigie afisa aliyetia saini ilani, uombe muda wa kupeleka maombi ya kibali kwa kibao kilichokwisha wekwa. Baraza litakihukumu kana kwamba bado hakijawekwa, kwa hiyo kikiwa boksi la taa au kikiwa kimefunika nakshi, peleka pamoja na maombi hayo mchoro wa kibao mbadala. Faili lenye suluhisho husikilizwa vizuri kuliko lenye kujitetea.

Kikishatoka, matundu yazibwe kwa chokaa na mchanga, sehemu moja kwa tatu, mchanga ukilinganishwa kwa rangi na punje na wa zamani. Lowanisha tundu, jaza kwa tabaka zisizozidi milimita 15, kila moja ikikaza kabla ya inayofuata, kisha funika kwa gunia bichi siku kadhaa. Fundi akileta mfuko wa saruji mwambie aurudishe. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale na haipitishi unyevu. Maji na chumvi hutafuta njia ya kutokea kwenye tofali lenyewe, na baada ya muda uso wa tofali hubanduka kulizunguka lile doa la saruji lililobaki zima.